Ugonjwa Uliomhamisha Yesaya

Asubuhi ya Pasaka, jua likiwa bado nyuma ya vilima, Wamoraviani wa Itumba hukusanyika makaburini, na bendi ya matarumbeta ndiyo inayoamsha wimbo wa kwanza. Anyitike Mbonile alikuwa mpigaji wa lile tarumbeta kubwa kuliko yote, linalomzunguka mtu begani na kutoa sauti nzito ya chini kama ng'ombe anayeguna bondeni. Kabla yake lilipigwa na baba yake, Ezron, na wazee wa Itumba walizoea kusema kwamba bila mtu wa ukoo wa Mbonile pale chini, wimbo unaelea tu hewani.

Pasaka ile Anyitike alipiga ubeti mmoja. Kwenye ubeti wa pili pumzi ikamkatikia. Alilishusha tarumbeta, akashika jiwe la kaburi lililokuwa karibu, wenzake wakaendelea bila yeye. Mkewe, Dina, aliyekuwa amesimama upande wa wanawake, hakushangaa. Tangu mwaka mpya alikuwa amekwisha kumpanulia suruali kiunoni, kisha akampanulia tena, na huku tumbo likizidi kukua, mikono na mashavu vilikuwa vinakwisha.

Watu nao wana midomo. Haikupita wiki, maneno yakafika nyumbani.

"Wanasema ni tumbo la komoni," Dina alimwambia, akichochea moto bila kumtazama. "Wanasema mzee wa bendi kumbe alikuwa anajificha na pombe."

Tangu azaliwe Anyitike hakuwahi kuonja komoni, wala kimpumu, wala hata bia za dukani ambazo madereva huvuka nazo Tunduma. Lakini si uzushi huo uliomnyima raha. Kilichomnyima raha ni kwamba tumbo lile alilijua. Alikuwa ameliona zamani, katika nyumba hiyohiyo, likiwa la baba yake.

Ezron Mbonile alikuwa mtu wa mikono laini. Jumamosi asubuhi aliweka kigoda mbele ya nyumba, akachemsha maji, na watoto wote wa mtaa wakaja kunyolewa. Hakudai kitu. Aliwakalisha mmoja baada ya mwingine, akiwashika kidevu kwa vidole viwili, huku akipiga mluzi nyimbo za kanisani, na kichwa kilipogeuka bila ruhusa alikipiga kofi dogo lisilouma. Harufu ya sabuni ya kipande, ukungu ukipanda kutoka mashambani, na ule ubaridi wa ghafla kichwani nywele zikidondoka: Anyitike alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, lakini ukimuuliza utotoni kwake kulikuwaje, kitu cha kwanza kumjia kilikuwa Jumamosi hizo.

Na pembeni siku zote alikuwapo Yesaya, mdogo wake Ezron, ameegemea ukuta, akisafisha tarumbeta lake dogo kwa kitambaa. Ndugu wale wawili walikuwa kama mtu na kivuli chake. Walilima pamoja, walichuma kahawa pamoja, na kwenye bendi mmoja alipiga sauti ya chini kabisa na mwingine ya juu kabisa. Kina mama wa kanisa walisema ukiwasikiliza hao wawili, waliobaki wanaweza kwenda nyumbani.

Halafu wakagombana. Ni jambo dogo, mpaka wa shamba la kahawa, mistari michache ya miti ambayo kila mmoja alisema baba yao alimpa yeye. Walitupiana maneno mbele ya watu. Yesaya, kwa hasira, akasema, "Kula basi peke yako, uone kama tumbo litakutosha." Ni maneno ya mtu aliyekasirika, hayana maana kubwa. Lakini mwaka uliofuata tumbo la Ezron lilianza kujaa, macho yakawa ya njano kama kiini cha yai, na kila aliyekuja kumjulia hali aliyakumbuka maneno yale.

Walimleta mganga kutoka ng'ambo ya Mto Songwe. Akatazama, akanusa, akasema kwamba aliyefanya kazi hii amewahi kula na mgonjwa sahani moja. Hakutaja jina, na wala hakuhitaji kulitaja. Ezron alipokufa, Yesaya alikuja msibani na tarumbeta lake, akakuta hakuna anayesogea ili apate nafasi kwenye mstari wa bendi. Baada ya mazishi vijana wakaenda kuitupia nyumba yake mawe. Haukupita muda Yesaya, mkewe na godoro lao waliondoka kwa lori la mahindi kuelekea Kamsamba, kule tambarare kunakolimwa mpunga, karibu na Ziwa Rukwa. Hakurudi tena. Nyumba yake ilianguka yenyewe, mvua kwa mvua, na jina lake likaacha kutajwa. Ezron naye, jambo la ajabu, karibu aache kutajwa. Kila aliyetaka kumkumbuka alijikuta anakumbuka jinsi alivyokufa, akanyamaza.

Kwa hiyo Anyitike, alipoona tumbo lake linafanana na lile, hakutaka hospitali. Aliona ni zamu yake tu imefika.

Aliyemtoa ni binti yake Irene, muuza vitenge wa Tunduma, mwanamke wa maneno machache na haraka nyingi, maana amezoea kufanya biashara na Wazambia wanaotaka kuvuka mpaka kabla foleni haijawa ndefu. Alifika Itumba siku ya kawaida tu ya wiki, akamkuta baba yake amekaa juani amejifunika blanketi.

"Tata, vaa viatu."

"Tunaenda wapi?"

"Vwawa. Na wakishindwa Vwawa, Mbeya. Mama ameshakufungia nguo."

"Irene, ugonjwa huu naujua mimi."

"Unaujua jina lake?"

Akavuta viatu, kwa sababu kweli jina lake alikuwa halijui.

Vwawa walimtoa maji tumboni, mengi, ya rangi ya chai ya rangi iliyochujuka, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi akavuta pumzi ikafika chini. Kisha wakamwandikia kwenda Mbeya. Huko alipokewa na daktari mwanamke mwenye umri sawa na Irene, jina lake Goodness, aliyevuta kiti akakaa karibu naye badala ya kukaa nyuma ya meza.

"Baba, unakunywa pombe?"

Anyitike akacheka kicheko kikavu. "Hata wewe, daktari?"

"Nauliza kila mtu."

"Sijawahi. Sema tu kwamba huniamini."

"Nakuamini," daktari alisema. "Wengi wanaokuja hapa na ini lililoharibika hawanywi. Wanatukanwa bure tu."

Akamweleza kwa Kiswahili chepesi, bila haraka. Damu yake ilikuwa na kirusi cha homa ya ini, aina ya B. Mara nyingi mtu hukipata akiwa mtoto mchanga au mdogo, hajisikii chochote, anakua nacho, anaoa nacho, analima nacho, na chenyewe kinakwaruza ini polepole miaka yote hiyo. Panapokwaruzwa panaota kovu. Makovu yakizidi, ini linakuwa gumu, damu haipiti vizuri, na maji yanavuja tumboni.

"Kinaingiaje kwa mtoto?"

"Kwa mama wakati wa kujifungua. Au kwa damu tu, hata kidogo isiyoonekana. Jeraha kwa jeraha. Au wembe mmoja unaopita kichwa hadi kichwa."

Anyitike alitazama dirishani. Kigoda kilimjia, na maji ya moto, na mluzi, na vile vidole viwili chini ya kidevu. Alihisi kama mtu ameingia nyumbani kwao zamani zile na viatu vya matope. Daktari akaona amekwenda mbali, akamwacha kidogo.

"Hatuwezi kujua kiliingilia wapi," alimwambia baadaye. "Usijisumbue kutafuta."

Baadaye alilazwa kwenye kitanda chembamba, akapakwa mafuta ya baridi ubavuni, na kifaa kama kalamu nene kikawa kinamgonga katikati ya mbavu, mapigo madogo yasiyouma, kama mtu anayebisha mlango kwa adabu. Hapakuwa na sindano wala kisu. Kila pigo lilipima ugumu wa ini. Goodness akamwambia namba zilizotoka ni mbaya, ila si za kukatisha tamaa.

"Nitakupa kidonge kimoja kwa siku. Hakiui kirusi chote, lakini kinakilaza usingizi. Kikilala, ini linapata nafasi ya kujitibu. Zamani, hata sisi chuoni tulifundishwa kwamba kovu la ini halirudi nyuma. Siku hizi tunaona kwa macho yetu kwamba kwa watu wengi linalegea."

"Nitakinywa mpaka lini?"

"Pengine maisha yako yote. Na usikiache hata ukijisikia vizuri. Ukikiacha ghafla, kirusi kinaamka na hasira."

Alirudi Itumba na kikopo chake, na hapo akakutana na mtihani mwingine. Dawa ile ni miongoni mwa zile wanazotumia pia wenye virusi vya UKIMWI, na mwanamke mmoja wa jirani aliutambua mchoro wa kikopo. Kwa hiyo maneno ya komoni yalipoa, yakaanza mengine. Safari hii Dina ndiye aliyechoka. Jumapili moja, baada ya ibada, alisimama mbele ya akina mama wenzake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mume wangu ana homa ya ini. Si pombe na si mnachokisema. Mimi nimepimwa sina, nimechanjwa. Mkitaka kujua zaidi, nendeni nanyi mkapimwe, maana wembe wa baba mkwe ulipita kwenye vichwa vya waume zenu pia." Kisha akawauliza ni nani mwenye mbegu za maharage. Wachache walikwenda kupima, kimyakimya.

Irene alikutwa mzima, naye akachanjwa. Rabson, mdogo wake Anyitike anayeendesha malori, alikutwa nacho, kikiwa bado hakijaharibu kitu, akapangiwa kufuatiliwa.

Miezi ilipita. Anyitike alikula chakula kisicho na chumvi akikilalamikia kila siku, akameza kidonge chake kila asubuhi, akahudhuria kliniki. Tumbo likashuka. Mashavu yakarudi. Mwaka wa pili ulipoingia alilala tena kwenye kile kitanda chembamba, kifaa kikambishia hodi ubavuni, na Goodness akaisoma namba mara mbili kabla ya kugeuka.

"Baba, ini lako limeanza kulegea."

Alifurahi, sana tu. Lakini alikuwa na swali aliloliweka muda wote ule, na siku hiyo akalitoa. Akamweleza daktari habari za Ezron: tumbo, macho ya njano, kukonda, damu aliyotapika mwishoni. Goodness akasikiliza mpaka mwisho.

"Siwezi kumpima marehemu," alisema. "Lakini baba, kama angeingia mlango huu leo akiwa hivyo unavyosema, ningempima ugonjwa huuhuu kabla ya mwingine wowote."

Njiani kurudi Itumba Irene alikuwa anazungumza juu ya bei za vitenge, naye baba yake anaitikia bila kusikia. Alikuwa anamfikiria mtu aliyeegemea ukuta, akisafisha tarumbeta kwa kitambaa.

Alimkuta mama yake, bibi Enesi, nyuma ya nyumba anapukuchua maharage. Miguu ilikuwa imechoka lakini akili haikuwa na kutu. Anyitike akakaa chini, akachukua maganda, akaanza kumsaidia, akamwambia yote jinsi daktari alivyosema.

Mikono ya Enesi ikasimama.

"Siku ya matanga," alisema, "mimi ndiye niliyekuwa napakua. Yesaya alikaa pale penye mti wa parachichi. Sikumpa sahani. Aliniangalia, akajua sitampa, akainuka." Akaokota harage lililoanguka, akalirudisha kwenye ungo. "Kama yupo hai, nenda kamwambie. Mwambie nimekutuma mimi, si kanisa."

Alikuwa hai. Anyitike alishuka Mlowo, akapanda gari la Kamsamba, na kadiri barabara ilivyoteremka baada ya Itaka ndivyo alivyovua nguo, kwanza koti, kisha sweta. Alifika kwenye joto ambalo watu wa vilimani hawalijui, ng'ombe wametawanyika hadi upeo wa macho na majaruba ya mpunga yameshavunwa. Alielekezwa kwa "mzee Yesaya wa tarumbeta," akashangaa kwamba hata huku jina hilo lilimfuata.

Mzee alikuwa kivulini kwa fulana, anashona gunia. Alimtazama mgeni muda mrefu.

"Hayo mabega," akasema kwa Kindali, lugha ya kwao. "Wewe ni wa Ezron."

"Ni mimi, baba mdogo. Anyitike."

Yesaya hakuinuka, lakini alisogeza gunia ili mgeni apate pa kukaa. Mkewe, alisema, alifariki. Watoto wako hapa hapa. Mmoja ana duka. Anyitike alitoa salamu, akamaliza salamu, akatafuta maneno aliyoyapanga garini yote akayakosa. Mwishowe akasema tu moja kwa moja kwamba aliugua tumbo lilelile, kwamba alipimwa, kwamba ni kirusi cha ini, kwamba kuna dawa, na kwamba daktari anaona huenda ndicho kilichomuua Ezron.

Yesaya aliendelea kushona. Alifika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Mimi nilikuwa najua sikumloga," alisema. "Hilo hukuhitaji kuja kuniambia."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Lakini kuna miaka nililala nikijiuliza. Mtu akiambiwa jambo na kijiji kizima, huanza kujikagua. Nilijiuliza, labda yale maneno ya tumbo. Labda mdomo wangu una kitu, na mimi sijui." Akaliweka gunia pembeni. "Kumbe lilikuwa ini."

"Lilikuwa ini."

Mzee akafuta uso kwa fulana, jasho au kingine, Anyitike hakuangalia. Kisha Yesaya akauliza, "Nani amekutuma?"

"Mama. Amesema niseme ni yeye, si kanisa."

"Enesi." Alilitaja jina kama anaonja kitu alichokisahau. "Bado anatembea?"

Na hapo maswali yakafunguka. Kile kisima cha chini bado kinatoa maji? Ile miti ya kahawa ya mpakani ipo? Anyitike akamwambia mingine ilizeeka wakaing'oa, mingine ipo, na hakuna aliyewahi kuuliza ni ya nani. Ukungu bado unaingia mpaka jikoni mwezi wa sita? Yesaya alisema kwamba katika maisha yake yote ya Kamsamba hakuzoea joto, na kwamba wakati mwingine, akioga maji ya mtungi asubuhi, hufumba macho ajidanganye yuko Itumba.

Siku iliyofuata walikwenda pamoja kwenye kituo cha afya. Yesaya alikuwa ameketi kwenye kigoda kilekile Jumamosi nyingi, akinyolewa na kaka yake, na Anyitike aliogopa majibu kuliko alivyoogopa yake mwenyewe. Mzee alikutwa hana. Akaangalia lile bomba dogo la damu yake kwa dharau fulani, akasema, "Basi hata Ezron angepimwa hivi, ikajulikana siku nyingi kwamba si mimi, kama mashine hizi zingekuwapo."

Hakukubali kurudi moja kwa moja. Alisema makaburi yake sasa yako Kamsamba, na mpunga haulimwi kwa barua. Lakini mwezi wa sita alikuja kutembea, amevaa koti la mwanawe, anatetemeka kabla hata gari halijamaliza kupanda Isongole. Majirani walitoka milangoni. Wengine walisalimia, wengine walijifanya wana kazi, na mzee mmoja, ambaye ujanani alikuwa miongoni mwa waliorusha mawe, alikuja na ndizi kichwani, akaziweka uani, akaondoka bila neno. Yesaya alimtazama akienda. "Na yeye amezeeka," alisema tu.

Enesi alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Shemeji, karibu ndani. Kuna baridi."

"Najua kuna baridi, shemeji. Nimeifuata hiyo."

Dina alipika kuku na ugali. Enesi alikataa mtu mwingine kupakua. Alichukua kijiko kwa mkono wake mwenyewe, akaijaza sahani ya Yesaya kupita kiasi, akaiweka mbele yake, akabaki ameishikilia ukingoni kama anayetaka kusema neno. Yesaya akavuta sahani taratibu, akanawa, akaanza kula. Mambo yakaishia hapo, na hakuna aliyedai zaidi.

Baada ya chakula, chai ikiwa imekwisha kumiminwa, Yesaya akauliza habari za fahali mmoja wa Ezron, yule mwekundu aliyevunja uzio akala bustani ya shule.

"Hakuwa mwekundu," Enesi alisema. "Alikuwa mweusi, ana doa tumboni."

"Shemeji, mimi ndiye niliyemkimbiza."

"Ulimkimbiza wewe? Ezron ndiye aliyemkimbiza, akapoteza kiatu."

"Kiatu kilikuwa changu! Alikiazima kwangu kwa ajili ya harusi, akaenda nacho kwenye matope!"

Enesi akaanza kucheka, kicheko ambacho Anyitike hakukumbuka kukisikia kwa mama yake tangu ujana wake, cha mabega kutikisika, na Yesaya akiwa anaapa kwa kiatu, na Irene akiuliza ni harusi ya nani hasa. Anyitike aliweka kikombe chini polepole, asije akawakatiza. Katika hadithi yao baba yake alikuwa anakimbia kwenye bustani ya shule na mguu mmoja peku, akimwita ng'ombe ambaye hakuna aliyekubaliana rangi yake, na wazee hao wawili walikuwa bado hawajafika mahali ambapo alianguka matopeni.